Siku Tuliyompunguza Mama Mwendo

Kuna fundi cherehani hapa Garsen, jirani na duka ninaponunua sukari, ambaye mguu wake hauna subira. Akishapanga kitambaa hukanyaga mashine kama mtu anayefukuzwa, na mlio wake hutoka mfululizo bila kupumua. Kisha akifika kwenye kona ya nguo hupunguza, ta, ta, ta, mpaka kila pigo la sindano linasikika peke yake. Hapo mimi husimama na sukari yangu mkononi. Watu hudhani nimechoka miguu, na mmoja huniletea kigoda. Sijawahi kuwaeleza kwamba ninasikiliza. Mlio ule wa polepole niliusikia kutoka kwenye mashine nyingine nikiwa na miaka kumi na mitatu, na ulidumu kwa hatua saba tu.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nyuma yangu alikuja Buya, mwenye miaka minane, na nyuma ya Buya alikuja Kibibi, ambaye mama alifariki siku chache baada ya kumzaa. Baba alikuwa mvuta kamba wa pantoni hapa kwenye kivuko, mtu wa viganja vigumu kama kwato, na alitulea peke yake kwa miaka mitatu hadi homa ikamchukua naye. Siku ya tatu baada ya mazishi niliacha shule. Nilikuwa darasa la tatu na tulikuwa tumeanza hesabu za kugawanya. Mwalimu alisema ni vibaya kuondoka katikati ya somo, lakini nyumbani nilikuta somo ni lile lile, ila hapa nilikuwa nagawanya ugali, na jibu halikutoka sawa hata siku moja.

Nilijitahidi karibu mwaka mzima. Nililima kijishamba chetu cha ukingoni, nikafua nguo za wafanyakazi wa kambi ya barabara, nikamfundisha Buya kuchota maji bila kuuchezea mto. Kisha mto ukafurika na kuyachukua mahindi yakiwa na ndevu tayari. Wazee wa upande wa baba wakakaa, wakaamua. Buya angekwenda kwa baba mdogo huko Kinakomba. Kibibi angechukuliwa na shangazi yetu wa Ozi, ambaye angekuja kumfuata kwa mtumbwi na kuondoka naye Ijumaa baada ya swala. Mimi nilikuwa nimeshakua, ningebaki Garsen kwa mjomba. Hawakuwa watu wabaya, na waliongea nami kwa upole. Nadhani hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba sikupata wa kumchukia.

Siku ile ile nilimkuta Kibibi nyuma ya nyumba akiwa ameketi mbele ya chungu kilichofunikwa, anakiambia kile chungu, mama shikamoo, mama nimekuja. Nilimuuliza anafanya nini. Akanijibu kwamba anajifunza, ili shangazi akifika asikosee. Halafu akaniuliza kama mama yetu wa kweli alifanana na shangazi. Nikafungua kinywa nimweleze, nikaona kwamba sina cha kumwonyesha. Hatukuwa na picha. Wakati ule watu wa kwetu walipigwa picha kwa ajili ya kipande tu, kile kitambulisho cha serikali, na kipande kilikuwa cha wanaume.

Ndipo nilipokwenda kwa Mjomba Jillo.

Mjomba alikuwa kaka wa mama yetu. Kwa miaka mingi alimpikia Mzungu mmoja aliyesimamia kazi ya barabara, na Mzungu yule alipohama, miezi michache nyuma, alimwachia masufuria mawili, koti zito la baridi, na mashine ya sinema ya nyumbani ndani ya sanduku lake, pamoja na magurudumu mawili ya filamu. Koti halikuwa na kazi Garsen, na mashine haikuwa na stima. Mjomba alivitunza vyote viwili kwa usawa. Kila baada ya majuma kadhaa alivitoa nje vikaota jua, akaketi kando akifukuza kuku.

Mjomba alikuwa amenidokezea siku nyingi kwamba ndani ya gurudumu moja mama yumo. Mzungu alisimama kivukoni na kamera yake, miezi miwili kabla Kibibi hajazaliwa, na mama akapita akishuka kutoka kwenye pantoni na kikapu kichwani. Mjomba alimwona mara moja, nyumbani kwa Mzungu, wakati anapeleka chai. Hata sinia hakulitua, aliona kwa pembeni tu. Nilimwomba anionyeshe, na awaonyeshe wadogo zangu kabla ya Ijumaa. Akasema hajui kama mashine bado inatembea. Akasema pia kwamba naye ana hamu ya kumwona dada yake.

Stima ilikuwapo mahali pamoja tu, kwenye karakana ya kambi ya barabara, ambako Fundi Kazungu, Mgiriama mrefu mwenye maneno mengi, aliwasha jenereta mchana kwa ajili ya kazi zake za vyuma. Alikubali upesi, kwa sharti kwamba na yeye atazame. Tukaziba madirisha ya stoo kwa magunia ya saruji, tukatundika shuka ukutani, na kufikia saa nane mchana mle ndani palikuwa na joto la tanuri na harufu ya lami na jasho la watu kumi na zaidi, maana habari za sinema hazifichiki.

Kwanza alitokea mke wa Mzungu barazani, na mbwa wake, akimwagilia maua. Watu walipumua kwa mshangao. Kisha shuka likawaka kwa mwanga wa kivukoni, na pale watu wote walianza kukimbia. Wavuta kamba walivuta kama wanaocheza ngoma. Ng'ombe wa Waorma walishuka pantoni kama panya. Na katikati yao akatokea mama yetu, tumbo mbele, kikapu kichwani, anakwenda mbiombio, miguu inapishana kama ya kuku aliyetishwa. Alipita kutoka upande mmoja wa shuka hadi wa pili kwa muda wa kuvua kiatu.

Stoo nzima ilicheka. Mwanamke mmoja wa sokoni, ambaye hakujua sisi ni nani, alisema, "Mbio zote hizo, anakimbilia kuzaa?" Wakacheka tena. Mchungaji mmoja wa Kiorma aliyesimama mlangoni na fimbo yake hakucheka, aliuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Huyu mama, nani nafukuza yeye?" na hilo likawamaliza kabisa. Hata Buya alicheka, kisha akaniangalia usoni, akaacha.

Kibibi alinishika kidole.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye."

"Na mimi niko wapi?"

"Umo tumboni mwake."

Alifikiri kidogo, halafu uso ukamkunjuka. "Kumbe tunakimbia," akasema.

Mimi nilikuwa nawaka kwa aibu. Mama yetu hakuwa hivyo. Mama alikuwa mtu wa polepole, na si kwa sababu ya mimba. Alikuwa hivyo siku zote. Alitua kisigino, akakaa kidogo juu yake kana kwamba anauliza ardhi kama inamkubali, ndipo akaleta mguu wa pili. Mkono wa kushoto tu ndio uliobembea. Baba alizoea kusema kwamba akimtuma dukani asubuhi, chumvi itafika ya mchuzi wa jioni. Nilijua mwendo ule kuliko nilivyojua sura yake, kwa maana nilikuwa nikitembea nyuma yake kila siku, macho yangu kwenye visigino vyake. Na sasa wadogo zangu wangekwenda mbali, mmoja juu ya mto na mmoja chini, wakibeba kichwani mama aliyechekwa kama kichekesho cha sokoni. Nikamwambia mjomba mashine hii inaumwa, na lazima itibiwe kabla ya Ijumaa. Ilikuwa Jumatatu.

Fundi Kazungu aliikubali kazi kama mganga aliyepata mgonjwa wa heshima. Alifungua ubavu wa mashine, akapuliza vumbi, akatia mafuta. Mashine ikazidi kukimbia. Alijaribu kishikio kimoja kilichokuwa mbele, akitumaini ni cha mwendo. Picha ikawa ukungu tu. Siku ya pili aliulegeza mshipi unaotoka kwenye mota. Ukateleza, na mama akawa anaruka na kusimama, anaruka na kusimama, jambo ambalo sikuweza kulitazama. Siku ya tatu alipata wazo la kupunguza moto wa jenereta yenyewe. Hapo watu wa kivukoni walipunguza mbio kweli, ila taa nayo ikafifia, na shuka likawa giza la magharibi lenye vivuli vinavyotembea. Tulipata mwendo tukakosa uso. Fundi alipangusa mikono akasema, "Binti, huyu mama yako ama umwone, ama atembee. Vyote viwili mashine haitaki."

Lipo jambo moja nililoliona siku hizo, na naliandika hapa kwa sababu limenisumbua maisha yangu yote. Niliona kwamba mke wa Mzungu, barazani kwake, alikwenda vizuri. Maji yalimwagika kama maji, na mbwa alitikisa mkia kama mbwa. Nilimuuliza mjomba kwa nini yeye hakimbii. Mjomba, ambaye alikuwa amekaa na Wazungu miaka mingi na hakuna aliyeweza kubishana naye juu yao, alisema kwamba Wazungu ni watu wa haraka toka kuzaliwa, kwa hivyo mashine ikiwakimbiza haionekani. Fundi akaafiki. Na mimi, mtoto wa darasa la tatu, niliona ni jibu la akili kabisa.

Alhamisi nilikwenda kukaa kivukoni, si kwa kutafuta dawa, bali kwa kukosa pa kukaa. Mto ulikuwa bado una nguvu, na pantoni ilipokaribia ukingo ilitaka kupitiliza. Nikamwona mvuta kamba aliyechukua nafasi ya baba akifanya kile baba alichokifanya kila siku: akatupa kamba ikazunguka kigingi mara moja, akaishika mkia wake kwa mkono mmoja, na pantoni nzima, pamoja na lori juu yake, ikapunguza, ikapunguza, ikatua kama ndege. Sikungoja waishushe ngazi. Nilikimbia hadi kwenye mikoma, nikachuma makuti machanga, nikasokota kamba nyembamba kama nilivyofundishwa na baba.

Tuliizungusha mara moja kwenye ekseli ya mashine, mahali ambapo fundi alionyesha, upande mmoja tukaufunga, na upande wa pili nikautundikia jiwe dogo. Tulijaribu kwa mke wa Mzungu kwanza, ili tusimchezee mama. Akawa anainua birika kwa taabu, mbwa akatikisa mkia kama aliyekata tamaa. Buya akasema, "Memsahibu ana malaria." Tulicheka wote wanne, hata mjomba, na ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka tukicheka pamoja nyumba moja. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini mtu aliyekuwa mzima sasa ameugua.

Ijumaa asubuhi shangazi alifika. Alikuwa mama mnene, mpole, mwenye sauti ya chini ya watu wa Ozi, na Kibibi alimwambia mama shikamoo bila kukosea. Alisema mtumbwi hauwezi kungoja sana baada ya swala, lakini naye aliingia stooni, akaketi juu ya gunia na kifurushi cha Kibibi mapajani. Safari hii hatukumwalika mtu mwingine. Fundi alibaki nje kwenye jenereta. Mjomba aliingiza filamu. Mimi nilikaa kando ya mashine na jiwe langu, na mtungi wa maji, kwa sababu kivukoni kamba haishikwi bila maji kuwa karibu, isije ikaungua kwa kusugua kigingi.

Kivuko kikatokea. Wavuta kamba walivuta kama watu wanaovuta. Ng'ombe walishuka kwa uzito wao. Mashine ililia ta, ta, ta. Akatokea mama.

Alikuwa yeye. Alitua kisigino, akakaa, akaleta mguu. Mkono wa kushoto ukabembea. Nilihesabu bila kukusudia: moja, mbili. Nilimsikia mjomba akivuta pumzi. Tatu, nne. Shangazi akasema kwa sauti ya chini, "Wifi yangu." Tano. Hapo nilinusa kamba inaungua. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye ekseli. Sita. Nikafanya alichofanya baba: nikachota maji kwa kiganja nikaimwagia kamba. Saba.

Nilisahau kitu kimoja, au labda sikuwahi kukiona kwa sababu nilitazama zaidi maji kuliko mkono. Baba alikuwa analegeza kwanza, ndipo akamwaga. Kamba ya makuti ikinywa maji hufura na kukaza. Ilikaza. Mashine ikasimama, na mama akasimama, mguu mmoja hewani, akitutazama kwa mara ya kwanza, maana wakati ule alikuwa amegeuza uso kuelekea kwa Mzungu. Niliuona uso wake wote. Halafu doa la kahawia likatokea begani mwake, likapanuka, likala shingo, likala uso, na katikati yake ukabaki mwanga mweupe mtupu.

Mjomba alimwita fundi azime, lakini jenereta ilikuwa inanguruma na fundi hakusikia. Mimi niliikamata filamu kwa mikono miwili nikaivuta itoke kwenye moto wa taa. Ilisogea, ikakwama, ikaungua tena. Nikavuta kwa nguvu zaidi. Nilisikia meno ya mashine yakichana matundu ya ukingoni, moja baada ya jingine, kama mtu anayefumua mshono, na sikuacha kuvuta.

Ilipozimwa, kipande kilikuwa kimeshakatika mikononi mwangu. Mjomba alikaa chini kwenye saruji. Shangazi ndiye aliyenyanyuka, akanivuta begani, akasema, "Basi mwanangu. Tumemwona."

Nilikipima kile kipande kilichokatika. Kilifika kutoka kwapani hadi kwenye ncha ya kidole changu. Mama yetu mzima hakuwa mrefu kuliko mkono wangu. Ukikiinua juani, ungeona vijipicha vidogo kama pojo, mamia ya akina mama waliosimama, na hakuna hata mmoja anayetembea. Mjomba alisema hakuna mashine itakayokishika tena. Nikakikata kwa wembe sehemu mbili. Moja nilimfungia Kibibi kwenye pindo la leso, na nyingine nikamshonea Buya ndani ya shati. Mimi sikujiwekea hata kidogo. Nilijiambia kwamba sihitaji, kwa kuwa mimi ninao mwendo wake kichwani.

Kibibi aliondoka siku ile, Buya juma lililofuata. Ozi na Kinakomba si mbali kwenye ramani. Lakini mtoto akishalelewa kwingine anakuwa wa kwingine, na mtu wa kufua nguo hana safari nyingi. Buya nilimwona mara nne kabla hajafariki. Shati lilichakaa zamani, na hakuna aliyekumbuka kulipasua mshono kabla ya kulitupa.

Mjomba alipokufa aliniachia mashine. Nilikuwa mtu mzima, na siku moja niliibeba hadi Mombasa kwa fundi wa vitu hivyo, nikamweleza kwamba ina ugonjwa wa kukimbia. Aliifungua, akaisafisha mabaki ya makuti kwenye ekseli, akaiwasha, akaisikiliza kwa muda mrefu kama daktari. Akaniambia, "Mama, mashine hii haina neno. Haijawahi kuwa na neno." Kisha akanieleza kwa subira. Kamera za zamani zilitiwa ufunguo kama saa, na mwenye kamera aliweza kuipunguza ili filamu imtoshe kitambo kirefu zaidi. Akipiga picha chache kwa polepole, mashine ikizionyesha kwa mwendo wake wa kawaida, watu watakimbia. Barazani Mzungu alipiga vizuri. Kivukoni alibana filamu. Basi. Kosa lilikuwa limeshafanyika kabla mashine haijafika mikononi mwetu, na hakuna jiwe wala kamba ambayo ingelitengeneza. Ingetosha kumwacha mama akimbie, na leo angekuwa bado anakimbia.

Sikumwambia Kibibi. Ana wajukuu sasa, na leso ilipotea kwenye mafuriko. Mwaka jana nilikwenda Ozi, nikamsikia akiwasimulia wajukuu wake kwamba bibi yao mkubwa alikuwa mtu wa mbio, mwepesi, hata akiwa na mimba hakushikika, na kwamba yeye mwenyewe alikuwamo tumboni siku hiyo, wanakimbia pamoja. Watoto walifurahi. Nilisema kwamba mama hakuwa hivyo, mama alikuwa wa polepole. Kibibi aliniangalia kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia mzee anayeanza kusahau. "Dada," akasema, "mimi nilimwona."

Nikijaribu siku hizi kumwona mama akienda mbele yangu, kisigino, kituo, mkono wa kushoto, yanayokuja ni yale yale ya shukani, hatua saba, na sijui tena kama ule ulikuwa mwendo wake au uzito wa lile jiwe.